Daktari wa Macho Aliyetaka Kuona Mdomo

Binti yangu alikuwa na miaka 4 na nusu alipoanza kuamka akiwa amejifunika shuka gubigubi. Hakuwa na baridi. Ukilivuta shuka alifumba macho kwa nguvu, machozi yakamtiririka, kisha akaugeukia ukuta na kusema, "Baba, lizime jua." Siku ya kwanza nilicheka. Siku ya kumi nilimgombeza. Bado linaniuma: mtoto alikuwa akinieleza dalili kwa maneno machache aliyokuwa nayo, nami nikayasikia kama deko.

Kliniki ya kwanza ilituambia ni mzio. Ya pili pia. Kwa miezi 18 tulitoka na chupa za matone, moja baada ya nyingine, na kila chupa ilileta nafuu ya wiki moja kisha tukarudi pale pale. Kuna tofauti ambayo laiti ningeijua mapema. Jicho la mzio huwasha, na mtoto anayewashwa hulipikicha mpaka liwe jekundu. Binti yangu hakupikicha. Aliyafumba macho na kuyakinga kwa kiganja. Jicho linaloukimbia mwanga kwa maumivu aghalabu linasema kwamba kioo chake cha mbele, konea, kimeguswa. Konea imejaa mishipa ya fahamu. Mchubuko mdogo ambao huwezi kuuona kwa macho matupu unatosha kumnyima usingizi mtu mzima, sembuse mtoto. Katika miezi yote hiyo hakuna aliyetuuliza swali jepesi kuliko yote: anawashwa au anaumia?

Tena hakuna aliyetuambia kwamba chupa nyingi za matone huwekwa kemikali ya kuzuia vijidudu visiote ndani yake, na kwamba kemikali hiyo ikidondoshwa mara nyingi kwa siku kwenye jicho lililokwisha chubuka, hulichubua zaidi. Sisi tulidondosha mara sita kwa siku. Tulikuwa wazazi watiifu.

Wakati huohuo mambo mengine yalikuwa yakiendelea, ila kwenye meza nyingine. Tangu akiwa na miaka 2 alipata utando mweupe mdomoni. Ulipakwa dawa ukaisha, ukarudi, ukaisha, ukarudi, mpaka pembe za midomo zikawa na michaniko isiyofunga. Kucha mbili za mkono wa kulia zikawa nene, za njano, zikimeguka. Meno ya kudumu yalipoanza kuota yalitoka na vishimo na mistari, kana kwamba mtu ameyachora kwa msumari. Na siku chache kabla hajatimiza miaka 6 alianguka sebuleni akatikisika mwili mzima, bila homa. Akaandikiwa dawa za kifafa.

Kila tatizo lilikuwa na daktari wake, faili lake na rafu yake. Mdomo ulikuwa kwa daktari wa watoto, meno kwa daktari wa meno, degedege kwa daktari wa mishipa ya fahamu, macho kwa wa macho. Sisi wazazi ndio pekee tuliokuwa tunaviona vyote kwa pamoja, na hatukujua kwamba ni vitu vya kutajwa kwa pumzi moja. Ukimpeleka mtoto kwa daktari wa macho, kweli utaanza kumsimulia habari za kucha?

Aliyeviunganisha alikuwa daktari wa macho, mama mtu mzima asiye na haraka. Alimweka binti yangu mapajani mwangu, akazima taa zote isipokuwa moja hafifu, akangoja. Mtoto akafumbua macho. Ilikuwa mara ya kwanza kuyafumbua mwenyewe ndani ya chumba cha daktari, na nilijua kabla ya kipimo chochote kwamba safari hii tumekutana na mtu anayesikia. Akagusisha ndani ya kope kikaratasi chenye rangi ya chungwa, akawasha mwanga wa bluu, machozi yakang'aa kijani. Aliniita nichungulie kwenye darubini. Mahali palipochubuka palikuwa pameshika rangi: vidoadoa vingi mno, kama vumbi lililotua juu ya kioo. Na pembezoni mishipa myembamba ya damu ilikuwa imeanza kutambaa kuingia sehemu ambayo haipaswi kuwa na damu hata kidogo.

Kisha akaisukuma darubini pembeni.

"Baba, mwambie anifungulie mdomo."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Mdomo, Daktari?"

"Mdomo."

Akaumulika ulimi kwa tochi, akatazama meno, akashika vidole kimoja kimoja na kuziangalia kucha. Akauliza kama mtoto amewahi kupata degedege. Nikamjibu ana kifafa, anatumia dawa. "Kalsiamu ya damu walimpima?" Sikujua. Nilipekua faili lote pale mezani kwake, karatasi kwa karatasi. Haikuwamo.

"Basi leo atatolewa damu kabla hamjaondoka," akasema. "Mimi nayachukulia haya yote kuwa ni kitu kimoja, Baba, mpaka damu ituambie vingine."

Majibu yalitoka jioni ile. Kalsiamu yake ilikuwa 1.5, ilhali kawaida huwa kati ya 2.2 na 2.6 kwa vipimo vya milimoli kwa lita. Fosfeti ilikuwa juu. Homoni ya tezi za paratiroidi, vile vijitezi vinne vya shingoni vinavyosimamia kalsiamu, ilikuwa karibu haipo. Lile lililoitwa kifafa lilikuwa ubongo na misuli vikilalamika kwa kukosa kalsiamu. Zaidi ya hapo, baadhi ya dawa za kifafa huufanya mwili uivunje vitamini D kwa kasi na kuishusha kalsiamu chini zaidi. Nikakumbuka jinsi alivyokuwa akilalamika midomo inafanya ganzi, na jinsi vidole vyake vilivyokuwa vikikakamaa, kidole gumba kikiingia kiganjani. Hilo nalo tuliliona, tukaliita uchovu wa kuandika.

Ugonjwa wenyewe madaktari huuandika APS-1, wengine APECED. Kwa maneno ya kawaida ni kinga ya mwili kushambulia tezi za mwili uleule, zaidi ya moja, tangu utotoni. Mwaka 1997 watafiti waliitambua jeni inayohusika, AIRE, iliyo kwenye kromosomu ya 21. Daktari wa homoni tuliyepelekwa kwake alinieleza kwa mfano ambao sijausahau. Nyuma ya mfupa wa kifua kuna tezi iitwayo thaimasi. Hiyo ni ungo. Seli changa za kinga hupepetwa humo: zinaonyeshwa sampuli za viungo vya mwili, na ile inayokurupuka kumshambulia mwenye nyumba hutupwa nje. AIRE ndiyo inayozileta hizo sampuli. AIRE ikiwa mbovu, pumba hubaki pamoja na nafaka, zikaingia mwilini zikiwa na silaha.

Baadhi ya silaha hizo huzilenga paratiroidi, nyingine tezi za adrenali zinazokaa juu ya figo. Nyingine huzilenga kemikali za kinga zenyewe, zile ambazo zingeulinda mdomo na kucha dhidi ya fangasi, na ndiyo maana utando ule ulikuwa hausikii dawa. Fangasi sugu za mdomoni, upungufu wa homoni ya paratiroidi na upungufu wa homoni za adrenali ndizo nguzo tatu za ugonjwa huu, na mtoto akiwa na mbili madaktari hawasiti kuutaja. Ni ugonjwa adimu. Ufini, ambako unapatikana zaidi kuliko kwingi, ni mtu 1 katika watu wapatao 25,000. Mimi na mke wangu hatuna dalili yoyote. Kila mmoja wetu alikuwa amebeba nakala moja ya jeni hiyo yenye kasoro bila kujua, na binti yetu akazipata zote mbili.

Macho hayamo katika zile nguzo tatu, na hapo ndipo watoto wengi wanapopotelea. Konea huvimba kwa wagonjwa wachache, lakini kwa baadhi yao hutangulia, miaka kabla tezi hazijalalamika. Kwetu ilikuwa hivyo. Macho yalitoa taarifa mwaka mmoja na zaidi kabla ya ile degedege.

Hapa pana jambo nililolielewa vibaya, na nimekutana na wazazi wengine wanaolielewa vibaya vilevile. Nilitegemea kwamba kalsiamu ikipanda, macho yatapona. Binti yangu alianza kalsiamu pamoja na vitamini D ile iliyo tayari kufanya kazi, kwa sababu bila homoni ya paratiroidi mwili hauwezi kuitayarisha vizuri ile ya kawaida. Ndani ya wiki chache degedege zikaisha, dawa za kifafa zikaondolewa taratibu, ganzi ikatoweka. Macho hayakubadilika. Nikarudi kwa yule mama na malalamiko yangu, akanieleza kwa upole: kukosa homoni hakukulisababishia jicho ugonjwa. Tezi na jicho ni ndugu wawili wanaopigwa na mtu mmoja. Ukimfunga jeraha mmoja, wa pili bado anavuja. Kila mmoja anahitaji matibabu yake. Kalsiamu ikiachwa chini kwa miaka huweza kuleta mtoto wa jicho, hilo ni kweli, lakini huo ni ugonjwa wa lenzi ndani ya jicho. Wetu ulikuwa juu, kwenye ngozi ya konea na kwenye ukingo wake.

Ukingo huo ndiko zinakoishi seli shina zinazoifanya upya ngozi ya konea siku zote za maisha. Kinga ikizishambulia mpaka zikaisha, ngozi ya sehemu nyeupe ya jicho huvamia, mishipa ya damu huifuata, na kioo hugeuka ukungu. Niliuliza kama siku moja anaweza kupandikizwa konea mpya. Akasema konea mpya juu ya ukingo uliokufa haidumu, itavamiwa kama ile ya kwanza. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kuuokoa ukingo ungali hai.

Kazi hiyo ni ya kila siku. Matone ya kulainisha yasiyo na ile kemikali, kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja, kila baada ya saa mbili mwanzoni. Matone ya steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, kwa wiki chache za kuuzima moto, huku presha ya jicho ikipimwa kila tunapokwenda, maana steroidi zikitumika muda mrefu hupandisha presha na kuleta mtoto wa jicho. Baadaye matone ya saiklosporini, ambayo huituliza kinga bila madhara hayo, ila yanachoma, na huchukua wiki hata miezi kuonyesha kazi yake. Mzazi asipoambiwa hilo atayaacha wiki ya pili. Usiku, mafuta mazito ya macho.

Jinsi ya kumtia matone mtoto anayeogopa mwanga nilijifunza kwa kukosea. Usimlaze chali chini ya taa. Zima taa. Kishike kichupa kiganjani dakika mbili kipate joto la mwili. Mwache avute kope ya chini mwenyewe, wewe dondosha tone moja tu kwenye kile kimfuko, kisha afumbe taratibu bila kukaza. Ngojeni dakika 5 kabla ya dawa ya pili, la sivyo ya pili itaisafisha ya kwanza. Lile linalochoma litanguliwe na la kulainisha. Na usimdanganye kamwe kwamba halitauma. Mimi nilimdanganya mara moja, ikanichukua mwezi kuirudisha imani yake.

Baada ya miezi minne alilala bila kujifunika kichwa. Mke wangu ndiye aliyeligundua. Alikuja kuniita usiku, tukasimama mlangoni tukimtazama, hakuna aliyesema neno.

Shuleni ilikuwa vita nyingine, nayo nitaipita haraka kwa kuwa haistahili nafasi kubwa. Mwalimu mmoja alimvua miwani ya giza mbele ya darasa akisema ni urembo. Tulipeleka barua ya daktari, akahamishiwa mbali na dirisha, akaruhusiwa kofia yenye ukingo mpana uwanjani na nafasi ya kutia matone kwa saa zake. Ombeni barua hiyo siku ya kwanza mnapopewa jina la ugonjwa. Msingoje mtoto aaibishwe.

Kilichoyaokoa maisha yake ni kujiandaa kwa kile kilichokuwa bado hakijafika. Daktari wa homoni alituonya kwamba adrenali huenda zikafuata, akapima kingamwili, zile silaha za kinga, dhidi ya adrenali, zikaonekana zipo. Tangu hapo kila baada ya miezi sita alipimwa kortizoli ya asubuhi, homoni kuu ya adrenali, pamoja na sodiamu na potasiamu. Pia ilibidi dawa za fangasi zichaguliwe kwa uangalifu, kwani ketokonazoli hupunguza utengenezaji wa kortizoli, na kwa mtoto ambaye adrenali zake zinaelekea ukingoni hilo laweza kuwa msukumo wa mwisho. Wakati huohuo fangasi haziachwi bila tiba, kwa sababu kidonda cha mdomoni kisichopona kwa miaka mingi kinaweza kuja kuwa saratani.

Akiwa na miaka 9 nilianza kumwona akiramba chumvi kiganjani. Akachoka upesi, akapungua uzito. Vitabu husema adrenali zikishindwa ngozi huwa nyeusi, lakini kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi weusi huo hujificha, ukimwangalia usoni hutaona kitu. Tuliuona kwenye fizi, kwenye mikunjo ya viganja, na kwenye kovu la zamani la goti lililogeuka jeusi tii. Hatukungoja tarehe ya kliniki. Siku iliyofuata alianza haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kortizoli, mara tatu kwa siku, dozi kubwa ikiwa ya asubuhi, pamoja na fludrokotisoni ya kuitunza chumvi mwilini.

Kisha likatokea jambo ambalo lingetutisha kama tusingeambiwa mapema: wiki mbili baadaye vidole vilianza tena kukakamaa. Upungufu wa kortizoli ulikuwa ukiiinua kalsiamu na kuuficha ukubwa wa tatizo la paratiroidi. Kortizoli iliporudi, kalsiamu ikashuka, na dozi zikapangwa upya. Mwili wa mtoto huyu ni kama mzani wa mikono mingi. Huwezi kugusa upande mmoja ukadhani mingine itatulia.

Mwaka uliofuata alipata tumbo la kuhara na kutapika. Kwa mtoto mwingine ni usiku mmoja wa shida. Kwake si hivyo: mwili wenye afya ungepandisha kortizoli mara kadhaa ili kustahimili, lakini wake hauna namna. Akiwa na homa tunaongeza vidonge mara mbili au tatu kama daktari alivyotuandikia. Lakini alivitapika, nikampa tena, akavitapika tena, na nilipomwita alinitazama kama mtu anayenisikia kutoka ng'ambo ya mto. Mke wangu alikuwa tayari ameshafungua kiboksi cha sindano ya dharura. Tulifundishwa sindano hiyo ya haidrokotisoni kwa kuchoma chungwa; usiku ule nilimchoma mwanangu pajani, miligramu 100, ile dozi iliyoandikwa kwenye kadi yake, kisha tukakimbia hospitali. Mapokezi walitaka tupange foleni. Niliweka kadi juu ya meza na kusema kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Huyu hana adrenali. Anahitaji maji ya chumvi na sukari mshipani sasa hivi." Wakampokea.

Kadi hiyo ina jina la ugonjwa, dozi ya dharura, na mstari unaosema asisubirishwe. Moja iko kwenye begi lake, moja kwangu, moja kwa mama yake, moja shuleni. Kama una mtoto mwenye tatizo la adrenali na huna kadi, tafadhali usimalize wiki hii bila kuiomba.

Mdogo wake alipimwa pia. Kila mtoto wetu alikuwa na nafasi 1 kati ya 4 ya kuupata, na hata kama hana dalili ni afadhali kujua kabla ya degedege ya kwanza. Yeye amebeba nakala moja tu. Dada yake alimuuliza daktari, mbele yetu, kama hiyo ina maana mdogo wake hataumwa macho. Alipoambiwa ndiyo, akaitikia kwa kichwa, akashusha pumzi.

Sasa ana miaka 12. Jicho la kushoto ni zuri. La kulia lina kovu lililoingia kutoka ukingoni mpaka karibu na mboni, alama ya ile miezi 18, na kwa jicho hilo husoma herufi kubwa tu. Halijasogea kwa miaka mitatu. Kila robo mwaka tunapima kalsiamu ya damu na ya mkojo, kwa sababu dawa ikizidi huweka mawe kwenye figo, na wengu wake ulikaguliwa kwa altrasaundi kwa kuwa wapo wagonjwa ambao wengu wao hunyauka na huhitaji chanjo za ziada.

Mwezi uliopita yule mama hakuwepo kliniki. Tulipokewa na daktari kijana ambaye hakuwa amelisoma faili. Alivuta darubini, akamwonyesha binti yangu mahali pa kuweka kidevu. Binti yangu hakuweka. Alivua miwani, akaomba taa ya juu izimwe, akamgeukia na kufungua mdomo wazi.

"Anza na huku kwanza, Daktari," akasema. "Halafu nitakuonyesha kucha."